Shajara ya mradi wa maji Pipeline: kutayarisha mahojiano

Jumatatu

Hali ilivyo leo: timu iko na mwongozo wa maswali kurasa nne, apu yao ya kuagiza maji tayari imechorwa kwa karatasi hadi rangi ya vitufe, na hakuna hata mmoja wao ameongea na mpangaji wa Pipeline. Mimi hapa ni kochi tu, sifanyi kazi yao, kwa hivyo naandika kila tukikutana ndio timu zinazofuata zione tulipitia wapi.

Kwa anayeingia sasa: ploti za Pipeline kule Embakasi, zile gorofa za floo sita, saba, zimebanana hadi saa sita mchana mtu anawasha taa, wapangaji wake wanapata maji kwa zamu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi inatoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lilikamilika 1994 na linabeba mita za ujazo milioni 70, na tangu Januari 2017 kuna ratiba ya mgao, kila mtaa na siku zake. Kwa karatasi hiyo ni rahisi. Kwa ploti si hivyo, kwa sababu kati ya bomba la kanjo (serikali ya jiji) na mtungi wa mtu kuna tangi la landlodi, kuna keateka, yule msimamizi wa ploti mwenye ufunguo, kuna kisima cha maji ya chumvi, kuna vijana wa mkokoteni. Timu inataka kusaidia hapo katikati. Wako wanne na nitawaita kwa kazi zao: Koda, Mhasibu, Mchoraji, na Mwalimu ambaye alifundisha praimari kabla ya kuingilia mambo ya dizaini.

Dizaini thinkingi, ile njia ya kubuni kitu ukianzia kwa mtumiaji, wameisoma, hatua tano za chuo cha Stanford wanazo kichwani: kumwelewa mtumiaji, kufafanua shida, kutoa mawazo, kutengeneza sampuli, kujaribu. Shida ni kwamba wameruka hadi ya nne na sasa wanarudi ya kwanza kutafuta mashahidi.

Swali namba moja kwa mwongozo wao: "Je, ungependa apu inayokuwezesha kuagiza maji kwa urahisi kupitia simu yako?" Sasa nani atasema hapana? Mgeni amepanda ngazi floo tano kukuona, amekalia kiti chako, ameshika kikombe chako cha chai, utamwambia wazo lake ni bure? Utamwambia ni poa sana, endeleeni hivyo hivyo vijana, Mungu awabariki, halafu akishashuka unaendelea kununua maji kwa yule kijana wa mkokoteni kama jana na juzi.

Sikuwaambia watupe apu. Niliwaambia tu wasiende nayo Pipeline, wasiitaje, hata kwa ile salamu ya kujitambulisha. Koda hakufurahia, alisema sasa tunaenda kuongea nini. Ndio hilo swali nimewapa waende nalo nyumbani: kila mtu aandike sentensi moja tu, kuna kitu gani hatukijui ambacho tukikijua kitabadilisha kile tunajenga.

Jumatano

Sentensi zimekuja. Ya Koda ilikuwa "tunataka kujua changamoto za maji", nikamrudishia, hiyo ni kichwa cha semina. Ya Mhasibu nzuri: hatujui pesa ya maji inatoka mfuko wa nani ndani ya nyumba na inaamuliwa lini. Ya Mwalimu ndio ilinyamazisha watu: hatujui mtu anajuaje kwamba maji yamekuja. Apu yote imejengwa kana kwamba kila mpangaji anajua maji yako au hayako, na hakuna aliyewahi kuuliza anajuaje. Hizo mbili tumeandika juu kabisa ya ubao na kila swali sasa lazima lijibu iko chini ya gani, lisipokuwa chini ya yoyote linatoka.

Yalikuwa maswali 41. Mengi yalikufa haraka. Umri, elimu, dini (dini ya nini jamani?), mapato kwa mwezi, yote yalikopiwa kutoka fomu fulani ya zamani. Mengine yalihitaji kugeuzwa na hapo ndio tulikaa.

"Huwa unanunua maji mara ngapi kwa wiki?" Mtu akisikia "huwa" anaanza kupiga hesabu ya wiki ambayo haipo, wiki ya kawaida, na anakupa namba inayosikika vizuri. Tukaandika badala yake: "Mara ya mwisho maji yaliisha kwa nyumba ilikuwa lini? Tuanzie pale uligundua yameisha, ikawaje?" Koda akauliza kama hii ya mara ya mwisho ni staili yangu tu ama ina msingi. Ina msingi. John Flanagan, mwanasaikolojia Mmarekani aliyefanya kazi na jeshi la anga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliandika kuhusu mbinu hiyo 1954: badala ya kukusanya maoni ya jumla kuhusu rubani mzuri ni wa aina gani, unakusanya visa vyenyewe, siku fulani, ndege fulani, nani alifanya nini. Kisa kina saa, kina watu, kina bei, na mtu akikipindisha utaona mahali hakishikani. Maoni hayana pa kushikia.

Vita vikubwa vilikuwa kwa "Ungekuwa tayari kulipa pesa ngapi?" Mhasibu alilitetea hadi chai ikapoa. Anataka bei, namwelewa, lakini mtu akiulizwa pesa ambayo hatoi leo anaweza kutaja yoyote, mkarimu atataja kubwa na mjanja atataja ndogo akijua labda ndio itawekwa. Tukakubaliana kuuliza: mara ya mwisho ulilipa ngapi, ulimlipa nani, kesi au kwa simu, na kama hukuwa nayo ilikuwaje? Nikamkumbusha majaribio ya M-Pesa, yalianza 2005 na lengo lilikuwa watu walipe mikopo ya maikrofainansi kwa simu, lakini walioshika hizo simu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe kwa sababu zao, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ikaja na ujumbe wa kutuma pesa nyumbani. Kilichowaonyesha njia ni matumizi. Akasema sawa, lakini bado anataka bei yake. Atapata, sio kwa mahojiano haya.

Mwongozo sasa ni ukurasa mmoja, na Mchoraji ameuandika kwa mkono kwa herufi kubwa ndio mtu asome bila kuinamisha kichwa.

Alhamisi

Leo ni ya nani tunaongea naye. Koda alikuja na ile sheria ya watumiaji watano wanatosha, ameiona kila mahali. Ni ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama tovuti na programu ni rahisi kutumia, 2000, na inahusu kujaribu kitu kilichotengenezwa: mpe mtu wa tano kitufe chako kibovu na kufikia hapo mmeshaona makosa mengi, yeye alikadiria asilimia 85. Haihusu kuelewa maisha ya watu. Kwa mahojiano ya kina napenda kuwapa ule utafiti wa Guest na wenzake wa 2006, waliohoji wanawake 60 Ghana na Nigeria wakarudi kuangalia mambo mapya yaliacha kutokea wapi, wakaona mengi yalikuwa yameshatajwa kufikia mahojiano ya 12, na yale makubwa kabisa yalianza kuonekana kwa sita ya kwanza. Lakini hao walikuwa wanawake wa hali zinazofanana na waliulizwa maswali yaleyale. Sisi tuko na mpangaji wa chini, mpangaji wa juu, keateka, muuza maji. Tumesema 12 ya wapangaji na wachache wa hao wengine, halafu tuangalie.

Lingine ni mlango. Pipeline huingii ploti ya watu hivi hivi, unaanza na keateka, hiyo ni heshima na pia ni usalama wenu. Tatizo, ukimwambia keateka akutafutie watu wa kuongea nao atakuletea wale wanaolipa renti mapema na hawajawahi kugombana naye juu ya tangi. Kwa hivyo mpango: keateka anahojiwa wa kwanza, kama mtu mwenye shida zake za maji (anazo, nani huamshwa usiku?), tunamwomba ruhusa, lakini wapangaji tunawapata kwa njia zingine, salooni moja ambayo Mwalimu anajulikana, duka la gesi, na kila tukimaliza na mtu tunamuuliza nani hapa kwa ploti anaishi na maji tofauti kabisa na wewe. Keateka akikaa kwa mahojiano ya mpangaji, hayo si mahojiano, mnapiga stori ya hali ya hewa mnatoka.

Ijumaa

Ruhusa na pesa. Timu ilikuwa na fomu ya kusaini yenye namba ya kitambulisho na namba ya simu. Za nini? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu aelezwe unachukua nini na cha kazi gani, akubali mwenyewe, na aweze kubadilisha nia, na pia usichukue zaidi ya unachohitaji. Hatuhitaji kitambulisho cha mtu ili atuambie maji yalikuja saa ngapi. Imetoka.

Maneno ya kuomba ruhusa ameandika Mwalimu, na nayaweka hapa yote kwa sababu ni mazuri kuliko yoyote nimewahi kuandika mimi:

"Habari yako mama. Sisi ni timu inayotaka kuelewa mambo ya maji kwa ploti. Hatujatumwa na kanjo, hatujatumwa na landlodi, na ukweli ni kwamba hatuna maji ya kuleta. Tungeomba dakika kama arobaini. Swali usilolipenda tunaliruka, ukichoka tunaachia hapo. Ukikubali turekodi ni sauti tu, tukishaandika tunaifuta, na jina lako hatuandiki mahali."

Hiyo ya hatuna maji ya kuleta, Mhasibu alitaka itolewe, inavunja moyo. Ikabaki. Watu wa mitaa kama hii wameandikwa sana kwa madaftari, kila mtu na fulana yake na klipubodi yake, na kila mara kunaachwa ahadi ikining'inia. Ukisema mapema hauna kitu cha kuleta, anayekubali kuongea anaongea, hapigi hesabu ya msaada.

Lakini dakika arobaini za mtu si za bure. Tunatoa shilingi 300, na tunatoa mwanzoni, mara tu akikubali, tukimwambia ni zako hata tukikatizwa saa hii. Ukingoja mwisho ndio umpe, atakaa akitafuta jibu linalokupendeza.

Jumamosi

Mazoezi. Sikutaka wahojiane wenyewe kwa wenyewe kwa sababu wanajuana na wanasaidiana majibu. Tukamwomba mama anayetuuzia chai na mandazi hapo nje, anaishi Kayole, akakubali kukaa nasi baada ya wateja kupungua, na alilipwa kama mhojiwa yeyote.

Koda ndio aliuliza. Alikuwa amesoma ile ya kuuliza kwa nini mara tano hadi ufike chanzo cha tatizo, ile ya Toyota, na akaitumia kama alivyoisoma. Kwa nini hukununua asubuhi? Kwa nini ulingoja? Kwa nini hukumwambia jirani? Mama alivuka mikono kifuani akamwangalia, akasema, "Kwani nimekosea wapi, kijana wangu?" Tukacheka lakini ndio hivyo, kwa mashine kiwandani kwa nini haiumizi mtu, kwa mama jikoni kwake anasikia kama amefikishwa kwa chifu. Tumeandika mbadala pembeni ya mwongozo: ebu nieleze hapo kidogo, ilikuwaje ukaamua hivyo, halafu?

Kitu kingine ni kimya. Mama akifikiria, Koda anajaza. Anampa majibu achague, "ama ni juu ya bei? ama umbali?", na mama kwa upole anachagua moja. Nimemwambia ahesabu hadi saba kimoyomoyo, alifika tatu. Si ubaya, kuna watu kimya kinawawasha. Tumebadilisha: Mwalimu anauliza, miaka ya darasani ilimfundisha kungoja mtoto apate jibu, na Mchoraji anaandika. Wawili tu ndani ya nyumba. Watu wanne kwa bedsita si mahojiano, hao ni wageni wa matanga.

Jumanne

Mahojiano ya majaribio, Pipeline yenyewe. Tulishuka Taj (ile mall ilibomolewa 2018 lakini makanga bado wanaita Taj na wataita hivyo hadi wajukuu), tukaingia na miguu. Mimi, Koda na Mhasibu tukabaki kwa kibanda cha chapo, Mwalimu na Mchoraji wakapanda hadi floo ya tano kwa mama mmoja tuliyempata kupitia salooni. Kinachofuata ni kutoka noti zao na rekodi.

Swali la kwanza lilianguka. "Tuambie kidogo kuhusu wewe", na mama akakaa wima akaanza alizaliwa wapi, akasomea wapi, anaokoka mwaka gani, kama mtu anatafuta kazi. Dakika nane zikaenda hivyo. La kwanza sasa litakuwa "leo umeamkia kazi gani?"

La pili likaanguka vizuri zaidi. Mara ya mwisho maji yaliisha kwa nyumba ilikuwa lini? Mama akasema, "Hayaishi. Siwezi nikaacha maji yaishe na niko na watoto." Swali letu zuri kumbe lilikuwa limebeba dhana yetu, kwamba shida inaanza mtungi ukikauka. Kwake inaanza mbali na hapo. Mwalimu hakubishana, akangoja, halafu akauliza basi ni lini mara ya mwisho ulianza kuwa na wasiwasi? Na hapo ndio mama akafunguka.

Ilikuwa Alhamisi iliyopita, imebaki mitungi miwili. Mchoraji akauliza, na hili halikuwa kwa mwongozo, "Unaweza kutuonyesha?" Mitungi minane ya lita 20, ya manjano, imepangwa kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda. Mitatu imefungwa kitambaa kwa mkono, hiyo ni maji ya kisima, ya choo na kupiga deki, na ya mlangoni ndio inaisha kwanza kwa sababu mtoto mkubwa anaruhusiwa kuichota. Za kupikia ziko ndani kabisa, hazifikiwi bila kusogeza zingine. Hakuna swali lolote kwa zile 41 lingetuletea hiyo.

Na anajuaje maji yamekuja? Mfereji wa floo uko kwa korido, karibu na mlango wake. Usiku anauacha wazi na chini anageuza sufuria. Maji yakirudi, mara nyingi saa nane, tisa usiku, yanapiga sufuria, anaamka, anaweka mtungi, halafu anagongea milango ya wenzake. Floo nzima inamtegemea yeye na sufuria yake. Mwalimu akamuuliza, na ukienda ushago? Akanyamaza kidogo akasema, "Wananipigia simu kuniuliza narudi lini." Pia kuna nyumba mbili hapo ambazo hagongi, mmoja ni askari wa usiku na mwingine anafanya zamu ya usiku kiwandani huko Viwandani, hao wakirudi asubuhi mfereji umeshakauka, kwa hivyo wananunua kwa mkokoteni na kumlipa kijana apandishe, kilo 20 kila safari hadi floo ya tano. Wananunua kwa deni, wanalipa mwisho wa mwezi. Mhasibu kwa kibanda aliposikia hiyo ya deni alisahau chapo yake.

Kabla ya kupanda gari tulikaa hapo hapo kila mtu akaandika peke yake bila kuongea: aliyosema mama kwa maneno yake, tuliyoyaona, na tunayodhani. Safu tatu, zisichanganywe. Nasisitiza peke yake, kwa sababu mkianza kwa kuongea yule mwenye sauti kubwa anaamua nyote mlisikia nini. Kwa safu ya tunayodhani Koda alikuwa ameandika "apu inaweza kupiga kengele maji yakija". Ni sawa, inakaa kwa hiyo safu, na imeandikwa tarehe.

Jumatano

Marekebisho yameingia kwa mwongozo. Swali la kuisha limekuwa la kuanza kuwa na wasiwasi, "unaweza kutuonyesha" limewekwa mapema, na tumeongeza moja, nani hukuambia maji yamekuja. Saa pia zimebadilika. Tulikuwa tumepanga kila kitu alasiri kwa sababu ndio sisi tuko huru, na alasiri unampata tu anayeshinda nyumbani. Wale wa zamu ya usiku ambao maji yanawapita kabisa hawangeonekana kwa karatasi zetu hata siku moja. Koda amejitolea kuwatafuta, ameshapata askari wawili wa ploti jirani walio tayari kuongea saa mbili asubuhi wakitoka kazini kabla hawajalala. Mwalimu atauliza, Mchoraji ataandika, Mhasibu atoe noti ndogo ndogo, sio za elfu. Keateka tumeongea naye, amesema tuje Ijumaa, na ametuuliza kama yeye pia atapata hizo 300. Atapata.